Matangazo Mawili kwa Siku

Siku yangu ya kwanza redioni sikusema neno hata moja. Ilikuwa Mahajanga, mji wa pwani wa Wamalagasi, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mkuu wa Kituo alinikalisha nyuma ya kioo tangu asubuhi hadi adhuhuri, niitazame taa nyekundu inayowaka kipaza sauti kikiwa wazi. "Hii ikiwaka," aliniambia, "hata kikohozi chako ni cha serikali." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nayakumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu Nasra, anayesomea uandishi wa habari chuo kikuu hapa hapa Mahajanga, ameniletea tamthilia ya zamani ya televisheni, vipindi kumi na viwili, tuitazame pamoja. "Koko," alisema, kwani sisi wenye asili ya Ngazija ndivyo tunavyomwita bibi, "hii ndiyo ile uliyokuwa ukinisimulia." Kweli ndiyo ile. Inahusu chumba cha habari katika nchi isiyotajwa jina, wakati wa machafuko. Katika kipindi cha kwanza binti mgeni kazini anaichana taarifa ya waziri mbele ya kamera, na mhariri wake, badala ya kumfukuza, anampa mkono. Nasra aliisimamisha picha akaniuliza, "Enzi zenu ilikuwa hivi?" Nikamwambia aendelee, nitamjibu tukimaliza.

Jibu lenyewe ni hili. Naliandika kwa Kiswahili alichonifundisha marehemu baba yangu, kwa sababu Kimalagasi nimekitumia mno kusomea maneno ya watu wengine.

Kazi ilikwenda hivi. Habari zilitoka makao makuu kwa teleksi, mashine iliyokuwa ikijipigia chapa yenyewe pembeni mwa chumba mchana kutwa. Kila ukurasa ulipelekwa kugongwa muhuri, na usiokuwa na muhuri haukusomwa. Hapo hapakuhitaji akili nyingi. Akili ilitakiwa kwenye matangazo ya familia. Simu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mtu akifariki, ndugu walikuja dirishani kwetu hata kabla hawajamaliza kulia, wakajaza fomu: nani amefariki, nani anajulishwa, yuko wapi, anangojwa au hangojwi. Tulirusha kwa masafa mafupi, ambayo hufika mbali, na ikifika saa sita na nusu mchana watu walinyamazishana hadi visiwani wasikilize. Tangazo lilisomwa siku lilipopokelewa, kisha likarudiwa siku tatu zilizofuata. Likishasomwa, umejulishwa. Usipofika kuzika, umekataa. Hakuna aliyeliandika jambo hili mahali popote, lakini koo nzima nzima ziligombana na kupatana kwalo.

Sauti yangu ilipendwa, nami nilijua kuwa inapendwa. Watu walinitambua sokoni kabla sijageuka.

Mwaka wangu wa nne, au wa tano, mchele uliadimika. Jumatatu moja watu walisukumana kwenye lango la ghala, lango likaachia, wakakanyagana. Taarifa yenye muhuri ilisema wawili wameumia. Kufika saa sita mezani kwangu palikuwa na fomu saba za vifo. Mkuu wa Kituo aliingia akafunga mlango.

"Ngapi?"

"Saba, tompoko." Hivyo ndivyo anavyoitwa kwetu mtu unayemheshimu.

"Ukisoma saba, mji mzima utahesabu. Soma mawili leo, mawili kesho, hivyo hivyo mpaka yaishe."

"Maiti haingoji, tompoko. Barafu yenyewe haipo."

Aliketi kwenye kiti cha wageni. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo nashindwa kumchukia ipasavyo. "Mimi nina watoto wanne," alisema. "Wewe una mimba. Chagua mawili."

Nikachagua. Alichosema yeye ni mawili kwa siku, lakini nani atangulie na nani asubiri nilipanga mimi, kwa kalamu yangu. Nilitanguliza waliokuwa na ndugu karibu, Katsepy na Marovoay, nikiona kwamba hao angalau watawahi kuzika. Wa mbali niliwaweka mwisho, nikijiambia hawatawahi hata hivyo. Nilijiona mwenye huruma. Fomu ya saba ililetwa na msichana aliyeitwa Soa, aliyeikabidhi mkononi mwangu na kunishukuru: "Anajulishwa Tombo, Nosy Sakatia. Mama amefariki. Mazishi yanakungoja." Niliisoma Alhamisi.

Kumbe kina Soa walikuwa wamezika Jumatano. Walimngoja kaka yao mkubwa hadi mwili ulipowashinda. Nyumba yenye msiba haiwashi redio, kwa hiyo hawakujua kilichosomwa na ambacho hakikusomwa. Walichojua ni kwamba karatasi ilifika kwangu Jumatatu. Tombo aligonga mlango wao Jumapili, na hawakumfungulia.

Nilikuja kuyajua hayo baadaye, nilipohamishiwa kisiwa cha Nosy Be, jirani na Sakatia, kwa cheo cha msimamizi wa vipindi. Siku moja alinijia mtu mrefu, kofia mkononi, nguo zake zikinukia mlangilangi, maana alikuwa fundi kwenye mtambo wa kukamulia yale maua mafuta.

"Mama," alisema, "wewe ndiye uliyemsoma mama yangu. Nina swali moja tu, halafu nakuacha na kazi zako. Ulianza kumsoma siku gani?"

Nilimtazama. Nilikumbuka kila kitu, hata wino wa ile fomu.

"Madaftari yalibaki Mahajanga," nikamwambia.

"Haya, Mama. Asante."

Nilikaa Nosy Be miaka kumi na mmoja, na kila tulipokutana njiani alinisalimu kwa adabu. Akili yangu ilikuwa na sababu tele: mkuu yupo bado, mtoto anasoma, ni mambo ya zamani. Wakati huo huo nilikuwa nikisikia kwamba ndugu zake wamekata shauri: Tombo akifa asiletwe kwenye makaburi ya ukoo. Kwa Wasakalava, kabila lao, hukumu hiyo ni nzito kuliko jela, maana jela mtu hutoka.

Ndipo tamthilia ile ilipofika, miaka ya tisini mwanzoni, tulipokuwa tumeanza kuambiwa kwamba sasa mnaweza kusema. Tuliitazama wanane kwenye chumba cha habari, na wote tulilia. Niliwaambia vijana wangu, "Mnaona? Kazi yetu ndiyo hiyo." Nilipoagwa kustaafu niliitaja tena katika hotuba, wakapiga makofi. Nayaandika haya na uso unaniwaka.

Mara hii, kipindi cha sita, nilimwona mtu ambaye mara ya kwanza hata sikumtambua. Ni mwanamke wa kituo kingine. Anatokea mara tatu, hana jina. Anasoma kwa sauti nzuri kwamba hali ni shwari, anakunja karatasi, anachukua mkoba wake, anakwenda nyumbani.

"Huyu simpendi kabisa," Nasra alisema.

"Hata mimi," nikasema.

Tangu hapo nilimtazama yeye tu. Shujaa wao alikuwa akikimbia ngazi, akipiga kelele, akipendwa na mhariri. Mimi nilikuwa nikisubiri yule arudi. Nimechoka na mashujaa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuona mtu akichana karatasi. Niliona watu wakipanga karatasi, ipi juu, ipi chini, kisha wakaenda kula. Ninyi mnaoanza, nawaomba mjichunguze hapo, kwenye kupanga.

Kipindi cha mwisho umati unambeba yule binti mabegani. Nasra alijifuta macho. "Haya Koko, jibu langu."

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Hakunikumbatia. Aliuliza tu, "Huyo Tombo yu hai?"

"Yu hai. Anaumwa, nasikia."

"Na Soa?"

"Yupo Mahabibo."

"Mahabibo hii hii ya hapa mjini? Koko, kwa bajaji ni dakika ishirini."

Asubuhi tulikwenda. Soa sasa ni mwanamke mzima wa wajukuu. Alitukaribisha, akatandika mkeka, na nilipoanza kusema aliacha mikono yake mapajani. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ile Alhamisi alifumba macho.

"Nilikupa mkononi," alisema.

"Ulinipa mkononi."

"Uliogopa nini?"

"Kupoteza kazi."

"Uliipoteza?"

"Hapana."

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani ndiyo ametufukuza. Akarudi na simu na kipande cha karatasi chenye nambari, kimekunjwa hadi kinataka kukatika. Aliwahi kupewa na watoto wa Tombo na hajawahi kuipiga. Alibonyeza tarakimu moja moja, akasubiri ipokewe, kisha akanisukumia. "Anza wewe."

"Tombo," nikasema, "ni mimi, wa redio. Tangazo la mama yako lililetwa Jumatatu. Nililisoma Alhamisi, na ilikuwa mara ya kwanza. Nililizuia mimi. Nilijua hilo ulipokuja kuniuliza, nikakudanganya."

Nilisikia pumzi zake, nzito, za mgonjwa.

"Alhamisi ndiyo mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Mimi nilisikia Alhamisi," alisema polepole. "Nikaja kuambiwa lilipelekwa Jumatatu, nikajua nilichosikia ni marudio ya mwisho. Betri zilikuwa adimu, Mama. Siku tatu sikuiwasha redio, nikisema nabana matumizi. Wanangu wote nimewalea nikiwaambia kwamba bibi yao nilimwacha kwa ajili ya betri mbili."

Soa alikuwa amesikia. Simu ilikuwa na sauti kubwa. Aliichukua mkononi mwangu akaishika kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema, "ni mimi, Soa. Siku ile sikukufungulia mlango."