Jina Lisilotoka Mdomoni mwa Mbinya

Kumwita mtoto wako kwa jina lake ni jambo dogo. Wanawake wa Mtito Andei walilifanya kutwa nzima bila kufikiri, isipokuwa Mbinya. Mwanawe wa kwanza, kwa desturi ya Wakamba, alipewa jina la babu mzaa baba. Na kwa desturi hiyo hiyo, mke halitamki jina la baba mkwe wake, mzee awepo au asiwepo. Basi Mbinya alizaa, mama mkwe akataja jina, vigelegele vikapigwa, na tangu hapo akawa na mtoto asiyeweza kumwita.

Lingekuwa la kina Musyoka au Mwangangi waliojaa kila soko, asingejali sana. Lakini Nzyuko. Kutoka Kanyangi kwao hadi huku barabarani, hakumjua Nzyuko mwingine ila mzee na huyo mjukuu. Wariara, mwenye hoteli ambamo Mbinya alipika chapati, alikuwa Mkikuyu na ulimi wake haukuliweza. Leo Njuko, kesho Nduko.

"Kwani linasemwa aje? Si unisaidie," alimsumbua Mbinya.

Mbinya alijifanya anageuza chapati. Yeye alimwita mtoto Baba, na mtoto aliitika vizuri tu. Ila moyo haukumtulia. Mbele ya hoteli malori ya Mombasa, nyuma yake pori la Tsavo na ndovu wake. Siku akipotea nitamtafuta kwa jina gani?

Siku hiyo ilifika mwaka wa 1974, mtoto akiwa na miaka minne. Mzee alikuwa amekuja kuwatembelea. Muthama, mume wa Mbinya, alikuwa safarini, na Wariara ameenda Kibwezi kununua unga. Jioni Mbinya alitoka jikoni akakuta kiti cha mtoto kitupu. Cha mzee pia kilikuwa kitupu, lakini alidhani ameenda kujilaza.

Alichungulia chini ya malori, akaita, "Baba! Baba!" Madereva kadhaa waligeuka wakacheka, kila mmoja akiitika. Musembi, dereva wa kutoka Kyuso, alimwona uso, akaacha mzaha.

"Mama, tutakusaidia kutafuta. Anaitwa nani?"

Mbinya alifungua mdomo, akaufunga. "Ana shati ya kijani."

"Sawa, lakini jina?"

"Ni la baba mkwe."

Musembi alielewa, naye alikuwa Mkamba. "Sasa mimi nitajuaje baba mkwe wako ni nani?"

Lori moja likawashwa. Giza lilikuwa linaingia, na asubuhi hiyo watu walikuwa wameona ndovu karibu na kisima. Mbinya aliogopa aibu, aliogopa laana ya mzee, aliogopa hata kanisani wangesema nini. Lakini lile pori aliliogopa zaidi. Akasimama katikati ya barabara.

"Nzyuko!"

Lilitoka safi, bila kukwama, kana kwamba alikuwa amelisema maisha yake yote. Akaita tena na tena akilia. Madereva wakalidaka, wakatawanyika nalo huku na huku.

"Niko hapa," sauti nzito ikaitika kutoka upande wa reli.

Alikuwa mzee. Alikuja polepole, mjukuu mgongoni amelala. Alikuwa amempeleka kutazama treni bila kumwambia mtu, maana babu haombi ruhusa kumchukua wajina wake.

Mbinya akainamisha kichwa akingoja kukemewa, au kudaiwa mbuzi wa fidia. Mzee alimkabidhi mtoto, kisha akasikiliza vijana wa malori waliokuwa bado wanaliita jina lake vichakani.

"Waambie nimepatikana," akasema, akaingia kunywa chai. Hakuligusia tena jambo hilo mpaka akafa.

Kisa hicho madereva walisafiri nacho. Musembi alipopata mtoto wa kiume, alimwita Nzyuko, na wenzake wakaiga. Kufikia miaka ya themanini kina Nzyuko walikuwa wanacheza kila kona ya Mtito Andei, na mama zao wakiwaita kwa sauti ya juu bila hofu yoyote. Kila alipowasikia, Mbinya aliacha chapati ikaungua, akageuka kutazama upande wa reli.

Kufikia miaka ya tisini mwanawe alikuwa dereva, mtu mzima mwenye ndevu. Alipoondoka na lori lake, Mbinya alimpungia mkono, akamwambia, "Nenda salama, Baba."