Mdenmaki na Wimbo wa Harusi ya Kaka

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa redio kaseti na mitumba, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nilimfundisha Kiswahili Mdenmaki mmoja wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kipara. Mkewe ndiye aliyeajiriwa, mtaalamu wa visima. Yeye alimfuata tu.

"Mwanamume kafuata mke?" mama yangu alishangaa. "Kwani kwao alikuwa anafanya nini?"

Nilipomuuliza, akatuletea santuri. Kwenye jalada alisimama kijana mwenye nywele mpaka mabegani na suruali iliyombana hadi nikaona haya kumpa mama aitazame. Kumbe kwao alikuwa mwimbaji na mtunzi mashuhuri. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, na wasichana walikuwa wakilia akipanda jukwaani. Wimbo uliompa jina ulihusu baiskeli. Baadaye alitunga nyimbo za mapenzi, za bahari, za msiba wa babake. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakapaza sauti: "Baiskeli!" Miaka ishirini ya baiskeli. Akachoka, akaacha.

Mama alimwonea huruma. "Na nywele je?"

"Zilibaki Denmaki, mama."

Kaka yangu alipooa, Mdenmaki akaomba kutunga wimbo uwe zawadi yake. Nilimtaka anionyeshe maneno kwanza. Akakataa, alitaka kumshangaza mwalimu wake. Nami nikavimba kichwa, nikamwacha.

Alasiri ya sherehe, chini ya turubai uani kwetu, aliunganisha kinanda chake na betri ya gari, akafumba macho, akaimba kwa sauti tamu ajabu:

"Bwana harusi ameoga! Ameoga, jamani, ameoga!"

Alikusudia "ameoa". Kaka, ndani ya kanzu mpya, alinikodolea macho. Ubeti wa pili ukazidi: "Amesubiri miaka mingi, leo ameoga! Wazazi wanalia kwa furaha!"

Mara bibi yetu akasimama, akapiga kigelegele. "Mabomba yamekauka wiki ya tatu hii! Mwanamume aliyepata maji ya kuoga, huyo si wa kuimbiwa?"

Uwanja ukalipuka. Bibi harusi, aliyetakiwa kuinamisha macho, alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Nilipomweleza Mdenmaki kosa lake, uso ulimwiva. Mwezi uliofuata aliitwa kwenye harusi Makutupora, nikamsindikiza, akaimba "ameoa" sawasawa. Wageni wakanuna. "Siyo huo! Tunataka wa kuoga!"

Akanigeukia. "Mwalimu, baiskeli imenifuata."

Halafu akaangua kicheko, akaketi, akaimba wa kuoga mara nne. Tangu hapo hakukosa mwaliko, na mafundi wa visima wakawa wanamwita mkewe "mama Ameoga".

Kaka alininunia mpaka alipopata mtoto. Siku ya arobaini alimwalika Mdenmaki mwenyewe, kwa sharti kwamba nisome wimbo kwanza, neno kwa neno. Nikausoma. Haukuwa na kosa hata moja, na wageni walipiga miayo tangu ubeti wa kwanza. Mtoto hakudai wa kuoga; alilala fofofo. Mdenmaki alimtazama, akapunguza sauti, akaendelea kumwimbia mpaka mwisho, ameridhika kabisa.