Niliita pompe moja, zikaitika nane

Ile mambo imenikula hivi, na nimehesabu mara mbili: siku mbili kambi nzima ya wafanyakazi bila maji, heshima yangu mbele ya bibi yangu mwenyewe, na kazi sasa inaning'inia kwa karatasi moja. Haya, niliaibika, nakubali. Lakini kosa yote haiko yangu.

Ku kampuni yetu ya majani ya chai, hapa Nguba, walileta ordinatere moja, mashini ya kuchunga hesabu, na mutu wa kuigusa ni miye peke yangu, kwa sababu (wanasema wenyewe) sikosei hesabu. Ndani yake niliandika pompe zote za maji, kila moja na kode yake, P1 mpaka P16. Sasa P1 ilikufa zamani. Sitwayeni Direktere akaniambia: "Tafuta fishi ya P1, ile karatasi yake, halafu uuze pompe yenyewe." Badala ya kushuka ku atelie, kwenye mafundi wanatengeneza, niiangalie kwa macho, nikaona tope (na viatu vyangu vilikuwa vipya), nikakaa, nikaiomba mashini kila kitu chenye kode P1. Ikanipa mistari nane. Nikahesabu: nane. Nikarudilia: nane. Nikajiambia basi, P1 ni jamaa ya pompe nane, zote zimekufa, nikampa liste Mushagalusha, mekanisie wetu, azing'oe.

"Papa, hii P14 inatembea," akasema. "Hii hii njo inapandisha maji ku kambi."

"Ordinatere imeiita. Weye uko ordinatere?"

Akazing'oa. Kesho yake niko mu lupango, kiwanja ya kampuni, nimepanda juu ya kisanduku, nabishana na Maman Nsimire, muuza vyuma wa Kadutu, yeye anatoa mabati kumi kwa zote nane, miye nasema ishirini na bado kampuni inapata hasara, wafanyakazi wanacheka, nasikia utamu kabisa, amefika kumi na sita, mara tukasikia kelele: wamama wa kambi wanapiga mabeseni matupu, na anayetangulia ni bibi yangu.

"Papa Bahati! Unauza maji yetu? Utaoga na mabati?"

Maman Nsimire akaangalia mabeseni, akaangalia pompe. "Kumbe iko nzima! Basi ishirini, nimekubali, leta mukono!"

Direktere akatoka ku baraza. Mushagalusha njo alimueleza, liste mukononi: "Patron, mashini inaangalia mwanzo tu. Ukiita 'Musha!' mu soko ya Kadutu, Mushagalusha anageuka, Mushamuka anageuka, Mushagasha anageuka. Huyu aliita P1, zote zinazoanza na P1 zikaitika."

Kuzirudisha kukachukua siku ile na ya kufuata. Sasa Direktere ameniletea barua, niisaini kabla ya siku ya kwanza ya juma, asubui: nikisaini nabaki, nikikataa naenda. Na ndani imeandikwa: "hajui kuhesabu."

Hapo nimekataa! Waandike muvivu, nitasaini. Waandike alihurumia viatu, nitasaini mara mbili. Toka leo sitaamini kode yoyote kabla sijakishika kitu chenyewe. Lakini hesabuni wenyewe: P1, halafu P10 mpaka P16. Si nane?

Bibi anasema nisaini, hesabu haipikwi mu sufuria. Nyinyi wenye kujua tabia ya mapatron, nishaurini: nisaini hivi, ao nimurudishie barua yake na ile mstari nimeikata kwa kalamu?