Nafasi ya Mpiga Ngoma

Sheshe, fundi wa mashine za kukaushia chai huko Bulwa, alikuwa na bendi ya watu wanne, na wote wanne walikuwa yeye.

Zamani haikuwa hivyo. Lakini mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wanahamia vijijini, mpiga besi alirudi kwao Malindi ya milimani, si ile ya pwani, mwimbaji akawafuata wazazi wake, na Sefania mpiga ngoma akashuka Magoma kuuza katika duka la kijiji. Sheshe akabaki na vyombo. Kidole kimoja hakivunji chawa, ila Sheshe ni mbishi tangu kuzaliwa.

Aliazima redio kaseti mbili, moja kwa mganga wa zahanati, nyingine kwa mwalimu. Akapiga ngoma, akairekodi. Kisha akaifungulia ngoma ile kwenye redio moja, akapiga besi juu yake huku redio ya pili ikinasa vyote. Akafanya vivyo hivyo kwa gitaa, mwisho kwa sauti yake. Kazi hiyo ilimla Jumapili nane. Majirani walidhani ana wageni, kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi.

Ndipo akashuka Magoma na kaseti mfukoni. Kwa mdomo alikwenda kutafuta maoni. Moyoni alikwenda kumrudisha Sefania, maana upweke ulikuwa umemfika shingoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Sheshe! Umekonda, bwana. Karibu."

Sefania alifunga mlango wa duka, akaweka kaseti kwenye redio ya duka, akainamisha kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Besi inammeza mwimbaji," akasema. "Gitaa ni lako, hilo nalijua hata usingizini. Lakini mpiga ngoma mmemweka mbali mno, kama mtu aliyeachwa nje. Tena hamsubiri mwenzake. Mwimbaji akitaka kuvuta pumzi, yeye huyo anakwenda zake. Ni nani?"

Sheshe aliona haya. Mtu mzima na ndevu zake, kujifungia chumbani akijipigia bendi nzima!

"Vijana wapya," akajibu. "Wa kiwandani."

"Wote?"

"Wote."

Sefania akaitoa kaseti taratibu, akaifuta kwa shati lake.

"Vizuri. Niliuliza maana duka limenichosha, nilikuwa nakusudia kupanda Bulwa mwezi ujao. Nilitaka kukuuliza kama nafasi yangu bado ipo." Akacheka kidogo. "Basi, usimfukuze kijana wa watu. Mfundishe kusikiliza tu."

Mficha uchi hazai. Sheshe aliambiwa hivyo tangu anachunga mbuzi. Akafungua mdomo aseme kweli. Lakini angeanzia wapi, na watu watatu keshawazaa kwa ulimi wake? Haya ikamshinda nguvu.

"Nitamwambia," akasema.

Alipanda mlima akijitukana njia nzima.

Jumapili iliyofuata aliisogeza ngoma karibu na redio, kama alivyoelekezwa. Akaanza kupiga, safari hii kwa utulivu, akimfikiria mwimbaji. Alipofika pale pa kuvuta pumzi, akanyamaza, akasubiri kama Sefania alivyokuwa akisubiri.

Chumba kizima kikanyamaza naye.