Mulongo ya bidon kwenye chemchem

Kwetu Mbunya, kwenye chemchem, watu hawasimame mulongo. Bidon zetu za kuchotea maji ndiyo zinasimama. Unaweka yako nyuma ya ile ya mwisho, unaenda kuketi, na hakuna mutu ataigusa. Ile chemchem tuliijenga siye wenyewe kwa salongo, kazi ya wote ya siku ya posho, Jumamosi.

Vita ikatulia nusu-nusu. Watu waliokimbia vita kule Fataki walikuwa bado wanalala mu kanisa yetu, na bidon zao zikaingia mu mulongo. Asubui moja jirani yetu, mununuzi wa zahabu, akasema mbele ya wamama wote kwamba wageni wachote nyuma ya wenyeji, maji haitoshe.

Bidon ya mama yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza. Aliibeba, akaipeleka nyuma kabisa, nyuma ya mugeni wa mwisho. Mama mwingine akafanya vile vile, kisha mwingine, mupaka wenyeji wote wakawa nyuma. Mbele ya wageni ikabakia bidon ya ule jirani, peke yake.

“Jaza, baba,” mama akamuambia. “Siku ya salongo hukuja, ulitutumia salamu tu, leo usikose maji.”

Alijaza kweli, akaenda bila kugeuka. Haya hakuwa nayo.

Mupaka leo kuna watu wananiambia tulikuwa wajinga, kugawa maji kidogo namna ile, na amani yenyewe haijakomaa. Waseme. Kesho asubui bidon yangu itaenda nyuma tena.