Trela Alilomnunulia Bertila

Mwita hajawahi kumiliki pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyeliona trela lake pale yadi ya kuegeshea ya Carrollton, Texas, alimuuliza pikipiki ziko wapi. Lilikuwa trela la aina ambayo Wamarekani huiita toy hauler: mbele ni nyumba ndogo yenye jiko, choo na kitanda; nyuma ni gereji tupu, na ukuta mzima wa nyuma hushushwa chini ukawa mteremko wa kupandishia pikipiki. Wenyewe huyavuta hadi porini, wakacheza huko na vyombo vyao. Mwita alilinunua kwa ajili ya kiti cha magurudumu cha mkewe.

Mimi ni Khalfan, mtu wa Pangani. Yeye ni wa Tarime. Tulifanya kazi pamoja uwanja wa ndege wa Dallas, upande wa Irving, tukitengeneza mikanda ya kubebea mizigo. Mrefu, mkimya, fundi hasa. Mkewe Bertila alikuwa nesi. Ugonjwa wake ulianza na jambo dogo tu: mkono wa kushoto ulishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya dawa kazini. Miezi minane baadaye daktari akawaambia ni ugonjwa unaoua neva za misuli. Baada ya mkono huo ingefuata miguu, kisha mkono wa pili, kisha sauti, mwisho pumzi. Tiba hakuna. Binti yao Joyceline, mwenye miaka kumi na tano, ndiye aliyeuliza maswali yote siku hiyo, kwa Kiingereza, baba yake akitazama sakafu.

Dada yake Bertila, Prudensia, aliishi Houston katika nyumba ya zamani yenye ngazi sita mlangoni na milango myembamba, ila ilikuwa na kiwanja kipana pembeni. Alikuja kwao Lewisville kila alipopata ruhusa kazini. Lakini Bertila alitaka kwenda yeye.

"Nimechoka kutembelewa," alimwambia mumewe, nami nipo. "Na mimi nataka nibishe hodi kwa mtu."

Kwa ndege haikuwezekana. Sisi tunaoshughulika na mizigo tumeona viti vya magurudumu vya umeme vinavyotoka tumboni mwa ndege vimepinda. Ndipo Mwita akaona tangazo la mzee mmoja wa Denton, Sheldon, aliyekuwa akiuza trela lake kwa sababu magoti yalimkataza pikipiki. Tulikwenda wote. Mzee akashusha ule ukuta wa nyuma, na Bertila, bila kusukumwa na mtu, akabonyeza kijiti cha kiti chake akapanda hadi ndani. Mle kiti kilizunguka kote bila kugusa kitu. Kulikuwa na kitanda kilichoshuka kutoka darini kwa swichi, na Mwita akakisimamisha sawasawa na kimo cha kiti. Bertila alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Pasaka.

Sitasema trela lile lilikuwa baya. Lilikuwa na mambo ambayo nyumba yao ya kupanga haikuwa nayo. Shida ni kwamba lilikuwa zito kupita kiasi, likataka pikapu kubwa ya kulivuta. Wenye nyumba kule Lewisville hawakuruhusu liegeshwe, ndiyo maana likalala Carrollton. Paa lilivuja kwenye kona. Sakafu ya gereji ilikuwa imekunywa petroli kwa miaka, na jua likipiga, harufu ilipanda ikamkaba Bertila kifua. Mlango wa choo haukupitisha kiti. Mwita alisema yote yanarekebishika, na kweli aliyarekebisha, moja baada ya jingine. Jumamosi zake zote zikaishia yadini. Akang'oa sakafu, akapanua mlango, akaziba paa. Nilikuwa nikimsaidia, na nakiri nilifurahia kazi ile. Mtu ukiwa na spana mkononi hujioni mnyonge.

Siku moja Bertila alinipigia simu kunisihi nimwambie Mwita asiende yadini wiki hiyo, abaki nyumbani. Nilimfikishia. Mwita akajibu kwamba likishakuwa tayari watakaa pamoja mpaka wachokane.

Mwezi wa Oktoba walilijaribu kando ya ziwa, hapo hapo karibu na Lewisville, siku mbili. Mambo yalikwenda vizuri. Bertila alikaa kwenye mteremko akitoa amri, Joyceline akapika ndizi kwa nyama kama alivyoelekezwa. Ilikuwa safari yao nzuri, na ilikuwa moja tu.

Mwezi wa Juni uliofuata tukaondoka kwenda Houston. Mimi nilifuata nyuma na gari langu. Jambo ambalo Mwita hakulipima vizuri ni kwamba sheria haimruhusu mtu kukaa ndani ya trela linapovutwa. Kiti kilipanda mteremko kwa raha. Bertila mwenyewe ilibidi abebwe, apandishwe kwenye pikapu iliyo juu kama jukwaa. Wakati wa ziwa alikuwa bado anaweza kujishikilia. Sasa shingo ilikuwa imeanza kulegea. Tulimbeba watu wawili, naye akauma midomo asilie mbele ya bintiye.

Tulipopita Madisonville tairi la trela likapasuka. Mwita alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa matairi, kwa kuwa yalikuwa na meno yote. Lakini mpira huzeeka ukisimama tu. Lile tairi lilipochanika lilipiga upande wa chini kama shoka, likakata nyaya na kupindisha fremu ya ule ukuta wa nyuma. Tukavuta, tukasukuma, haukufunguka, na mlango mdogo wa ubavuni nao ulikuwa umekwama kwa kupinda huko. Kiti kilikuwa ndani. Bertila alikuwa kwenye pikapu, juani, kando ya barabara kuu, malori yakipita na kutikisa kila kitu.

Mwita aliingia chini ya trela. Nilikwenda kumpa Bertila maji, akakataa. Sauti yake ilikuwa tayari nzito, ya kuvuta.

"Shemeji, mwambie aje akae na mimi."

Nilimwambia. Akasema dakika kumi. Zilipita dakika arobaini. Bertila alihitaji choo, na choo na kiti vyote vilikuwa vimefungiwa ndani ya trela. Akajilowesha pale alipokaa. Joyceline ndiye aliyetoka nje ya gari akalia, ameipa mgongo pikapu. Mwita alipoinuka hatimaye, mikono imejaa grisi, mkewe alimwita dirishani.

"Baba Joyce," akasema, "nilitaka mume. Wewe umeninunulia gereji."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu.

Tulifunga tairi la akiba, tukalivuta trela polepole hadi kituo cha mafuta kilichokuwa karibu, na Prudensia akaendesha kutoka Houston akatukuta hapo. Mimi na Mwita tulimbeba Bertila hadi mlango wa choo, dada yake akamwosha humo, akamvisha gauni lake mwenyewe. Walikaa saa moja ndani ya gari la Prudensia, milango wazi, wameshikana mikono. Huko ndiko kubisha hodi kwenyewe. Kisha, kwa kuwa trela halikufunguka, tukageuza, tukarudi Dallas.

Agosti sauti ilikwisha. Novemba tulimzika.

Mwita alilitengeneza trela lote, mpaka likawa bora kuliko siku alipolinunua. Halafu akaliuza. Mnunuzi, kijana wa Fort Worth, alimuuliza uzuri na ubaya wake, naye akamweleza yote bila kuficha: nafasi, ule mteremko, kitanda cha swichi, uzito, joto, matairi. Kijana akamuuliza kama yeye mwenyewe angelinunua tena. Mwita akapandisha ule ukuta wa nyuma, akaufunga. Akampa funguo.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba tangu siku ya daktari mpaka sauti ilipokatika ilikuwa miezi kumi na tisa. Alikuwa amezihesabu Jumamosi alizokuwa Carrollton. Nyingi kati ya hizo nilikuwa naye.

Joyceline sasa anasoma Houston, anaishi kwa mama yake mkubwa, Prudensia. Baba yake akipiga simu hujibu kwa Kiingereza, kifupi, kwa adabu. Mwita ameomba zamu za Jumamosi, amepewa.