Nahodha Kutoka Mlali

Juzi, kwenye stesheni ya Morogoro, tajiri mmoja wa pwani alishuka kwenye treni kumfuata nahodha aliyesifiwa kwa safari za Maskati. Akaletewa Mluguru wa Mlali aliyeshika jembe, kwani alikuwa likizo shambani kwake.

"Mtu wa milimani anajua bahari?" tajiri akauliza.

Nahodha akaweka jembe chini taratibu. "Maskati nimekwenda mara saba. Nataka nusu ya ujira kabla ya kutweka tanga, na baharini neno langu ndilo la mwisho."

"Hata nikiwamo mimi mwenye jahazi?"

"Hasa ukiwamo wewe."

Tajiri akafikiri, kisha akafungua mkoba. "Haya, nahodha."

Waluguru tuliokuwa kwenye foleni ya tiketi tulinyoosha migongo kwa fahari. Karani wa tiketi akatuuliza tumepatwa na nini. Tukamwonyesha yule mwenye jembe.